Neno la Chumbani Ambalo Mke Wangu Hakulisema

Naikumbuka siku moja kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku aliyokuja Mzee Otmari kwenye mashine ya kukoboa mpunga niliyokuwa nikifanyia kazi hapa Ifakara, akasimama mlangoni huku pumba zikimwangukia mabegani, akaniambia nizime injini. Yalikuwa majira ya mavuno. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka barabarani, kina mama wamekaa juu yake wakisubiri zamu, na mwenye mashine alikuwa mtu wa kufoka. Fundi hazimi injini hovyo katikati ya kazi kama hiyo. Lakini Mzee Otmari alikuwa msimamizi wangu wa ndoa. Yeye na mkewe, Mama Skola, ndio waliosimama nyuma yetu mbele ya altare. Mtu wa namna hiyo akikwambia zima, unazima.

Nitakueleza aliloniambia. Kwanza acha nikwambie kwa nini nimeamua kulisema leo, maana ni jambo nililolificha miaka zaidi ya ishirini.

Juzi nilikuwa kijiwe cha bodaboda nikitafuta usafiri wa Namawala. Nikawakuta vijana watatu, nadhani hakuna aliyefika miaka thelathini, wanagawana vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Mmoja akaniona, akacheka, akasema, "Shikamoo mzee. Hivi ni vya kazi maalumu ya usiku." Nikamwitikia marahaba, nikapanda pikipiki, lakini njia nzima sikuwa na raha. Nikajiuliza, nani aliwaambia watoto hawa kwamba wanavihitaji? Na siku watakapovihitaji kweli, watamwambia nani? Sisi wazee tumelinyamazia jambo hili, na penye ukimya wetu ndipo wauza dawa za mitaani wanapopanga bidhaa zao.

Basi sikiliza. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Usicheke, kwa macho yangu ya leo huo ni ujana. Nilikuwa na kitambi nilichokiona kama cheo. Mchana nilikula maandazi na soda mbili za baridi. Kazi ikiisha napitia kilabuni, nakunywa pombe ya komoni, na sigara haikutoka mdomoni. Baiskeli nilikuwa nayo, lakini nilipanda pikipiki hata kwenda umbali wa kurusha jiwe.

Jambo lilianza kidogo kidogo. Siku moja nilikuwa na mke wangu Benigna, na mwili ukakataa. Nikasema ni uchovu wa magunia. Baada ya wiki ukakataa tena. Kisha ukawa unakataa zaidi kuliko unavyokubali, na mwisho ukakataa kabisa. Benigna hakunisema. Aliniambia tu, "Umechoka, Baba Festo. Pumzika." Lilikuwa neno la huruma, nami nikalisikia kama tusi. Ndivyo aibu inavyofanya kazi, mwanangu. Inakaa sikioni, ikageuza sauti ya mtu anayekupenda.

Sasa mwanamume anayeogopa kitanda hufanya nini? Hutafuta ugomvi, kwa sababu waliogombana hawalali pamoja, na hapo hatoulizwa kitu. Mimi niligombana na chumvi. Kambale amepikwa vizuri, nazi imekolea, nasema amezidi chumvi. Kesho nasema hana chumvi. Nilihamia kwenye mkeka sebuleni nikisema chumbani kuna joto, na ilikuwa mwezi wa sita, wakati hata mbuzi wanatafuta jua. Benigna alinitazama tu. Mara mbili alianza kusema, "Baba Festo, kuna kitu nimekiona kwako..." nami nikaondoka kabla hajamaliza.

Jumapili moja tumetoka misa, Mama Skola akanishika mkono pale nje ya kanisa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Festo, hali yako ikoje? Benigna kaniambia hauko sawa."

Damu ilinipanda kichwani. Nilihisi watu wote waliokuwa wakisalimiana pale uwanjani wanajua. Nikaenda nyumbani, nikamkuta Benigna ameshatangulia, yuko jikoni anasonga ugali.

"Umenivua nguo mbele za watu," nikamwambia.

"Nimefanya nini?"

"Unajua ulichomwambia Mama Skola."

Akatua mwiko. "Nilimwambia tu kwamba..."

"Nyamaza! Au ni wewe mwenyewe umenifunga, halafu unazunguka kutangaza?"

Unajua maana ya neno kufunga kwa watu wa huku. Nilimwambia mke wangu, mama wa watoto wangu, aliyekaa macho usiku kucha niliposhikwa na homa kali mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwamba ni mchawi. Hakulia. Alimaliza kusonga ule ugali, akanipakulia, akafunika sahani. Kisha akafunga nguo chache, akambeba mtoto wetu mdogo, akaenda kwao Lupiro. Festo alikuwa shule ya bweni, naye nashukuru hakuyaona. Sikumfukuza Benigna kwa mdomo. Lakini mtu hafukuzwi kwa neno "ondoka" peke yake.

Nilipobaki peke yangu nikajiambia dawa ipo, nitapona, nitakwenda kumchukua nikiwa mwanamume kamili. Siku ya mnada nikamwendea muuza dawa mmoja mwenye kipaza sauti. Alikuwa na unga wa mizizi kwenye mifuko ya nailoni, na chini ya meza alikuwa na vidonge visivyo na boksi wala jina. Hakuniuliza nina ugonjwa gani. Hakuniuliza natumia dawa gani nyingine. Alisema, "Changanya unga na uji, vidonge meza viwili. Utarudi kunishukuru."

Nilimeza asubuhi, nikitaka nikitoka kazini nivuke mto moja kwa moja kwenda Lupiro. Ilipofika karibu saa sita mchana, moyo ulianza kudunda kama injini iliyokosa gavana ya kuizuia kasi. Jasho likanitoka, macho yakaona kila kitu kina rangi ya samawati. Nilinyoosha mkono nijishike, na kilichokuwa mbele yangu ni mkanda wa mashine unaozunguka. Mama mmoja mwenye mpunga wake, ambaye mpaka leo namwita mama yangu wa pili, alinivuta shati kwa nyuma. Tukaanguka wote wawili juu ya magunia. Kama si yeye, leo usingekuwa unasoma maneno haya.

Walinipandisha kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, mpaka hospitali. Wakanitoboa kidole, wakanifunga mkono kipimo cha presha. Sukari juu, presha juu. Nikalazwa siku tatu. Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba nina kisukari, na huenda ninacho kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Kuna dawa nyingine yoyote uliyotumia?" Nikasema hakuna. Akauliza, "Kuna tatizo jingine lolote?" Nikasema hakuna. Nilikuwa nimelala pale na siri mbili, na kila moja ingeweza kuniua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nikiimba methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini sikuwahi kudhani inanisema mimi.

Nilipotoka, dawa za hospitali nikaziweka juu ya kabati. Nikarudi kazini, na nikaanza kuulizia yule muuza dawa wa mnadani atakuja tena lini.

Hapo ndipo Mzee Otmari alipokuja akaniambia nizime injini.

Alikuwa mzee mrefu, mstaafu wa reli kule Mlimba, mguu mmoja hakuukunja vizuri. Tukatoka nje mpaka nyuma ya banda, kwenye lundo la pumba, mahali ambapo watu hawasikii. Alisema, "Tumsifu Yesu Kristo." Nikaitika, "Milele amina." Akakaa juu ya gunia tupu, nami nikangoja anitukane yaishe.

"Kasiani," akasema, "unadhani Benigna alimwambia mke wangu nini?"

Nikainama. "Mzee, wewe unajua."

"Najua, ndiyo. Wewe ndiye hujui. Alimwambia unamaliza ndoo ya maji kwa siku. Alimwambia unaamka kwenda chooni mara nne, mara tano. Alimwambia unapungua mabega huku unakula. Na alimwambia ameona sisimizi wamejaa mahali ulipokojoa, akaogopa, kwa sababu shangazi yake alianza hivyo hivyo, akafa kwa sukari. Alikuja kuomba tukushawishi ukapime. Basi. Neno la chumbani hakulisema. Hata Mama Skola alipomdadisi, hakulisema. Nimelijua sasa hivi, usoni kwako."

Mwanangu, nimewahi kupigwa na mkanda wa mashine, nimewahi kuangukiwa na gunia la kilo mia. Hakuna kilichowahi kuniumiza kama maneno yale. Nilijifunika uso kwa mikono iliyojaa vumbi, nikalia pale kwenye pumba kama mtoto.

Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, kisha akasema, "Mimi yalinipata nikiwa na miaka hamsini. Nilinyamaza miaka mitatu. Mama Skola aliamini nina mwanamke Mlimba, nami nikamwacha aamini hivyo, kwa sababu kuitwa mzinzi kuliniuma kidogo kuliko kuitwa dhaifu. Angalia ujinga huo! Niliona afadhali mke wangu alie kwa uongo kuliko anihurumie kwa kweli. Mwisho nilikwenda kwa daktari. Ilikuwa presha. Ningeenda mapema, ningeokoa machozi mengi ya mwanamke asiye na kosa."

"Ukapona, mzee?"

"Nilipata nafuu. Lakini kabla ya mwili, kilichopona ni nyumba." Akasimama kwa shida, akashika bega langu. "Wewe ni fundi. Injini ikikosa nguvu unaipiga teke, au unafungua uangalie? Mwili wako umekupigia honi, Kasiani, wewe ukamshtaki abiria. Kesho vuka mto. Usiende na maneno mengi."

Kesho yake nilivuka. Siku hizo daraja halijajengwa, tulivuka kwa kivuko, na siku hiyo kivuko kilikawia upande wa pili. Nilisimama pale na baiskeli yangu nikipanga maneno, na kila niliyoyapanga yalikuwa ya kujitetea. Nilipofika Lupiro nilikuwa nimeyatupa yote.

Nilimkuta baba mkwe uani anasuka kamba ya kufungia mzigo, na Benigna anaanika mpunga. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba." Akaitika kwa shingo upande. Nikasema, "Nilimtuhumu binti yenu jambo ambalo hakulifanya. Kosa ni langu peke yangu. Nimekuja kuomba radhi kwenu na kwake."

Mzee akaacha kamba. "Jambo gani hilo?"

Ningewezaje kulitaja mbele ya mkwe? Benigna alikuwa ameinama juu ya turubai, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Baba, ni la nyumbani kwetu. Ameshasema kosa ni lake. Inatosha."

Alinisitiri kwa mara ya pili, na sikustahili hata ya kwanza.

Baadaye alinisindikiza mpaka barabarani. "Nitarudi," akaniambia, "ila hospitali tunaingia wote wawili. Na yale maneno ya kufunga usiyarudie tena maisha yako yote." Nikaapa. Sijayarudia.

Daktari tuliyemkuta alikuwa binti mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nikatamani kurudi nyumbani. Nikamweleza kiu, nikamweleza macho kuona ukungu, nikamweleza ganzi ya miguu. Nikafika hapo nikasimama. Benigna akasema taratibu, "Daktari, kuna jambo jingine. Mume wangu atalieleza mwenyewe." Akanigeukia. Angeweza kulisema yeye, lakini aliniachia nilibebe mwenyewe.

Nikalisema nikitazama sakafu. "Daktari, nguvu za kiume zimeniishia."

Nilisubiri kicheko. Yule binti aliweka kalamu chini, akaniuliza, kama anayeuliza habari ya kikohozi, tangu lini, kwa ghafla au kidogo kidogo, na asubuhi nikiamka hali ikoje. Kisha akauliza nimetumia dawa gani. Nikamweleza vile vidonge vya mnadani. Uso ukambadilika.

"Baba, presha yako ilikuwa juu, na hukujua ndani ya vile vidonge kuna nini. Dawa za namna hiyo zipo za kweli, lakini hutolewa mtu akishapimwa. Akizimeza mgonjwa anayetumia baadhi ya dawa za moyo, presha huporomoka, na anaweza kufa. Asante kwa kuniambia." Kisha akatueleza, sisi wote wawili, kwamba sukari na presha na moshi wa sigara huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ndiyo inayoonyesha mapema. "Wanaume wengi huja kwangu kwa aibu ya jambo hili," akasema, "kumbe ndilo linalowaokoa moyo na figo."

Benigna akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Miezi yote ile, mwanangu, nikiwa nimejifungia na aibu yangu, sikuwaza hata mara moja kwamba mke wangu naye alijilaumu, akidhani amechuja machoni pangu.

"Si wewe, mama," daktari akasema. "Wala si yeye. Ni ugonjwa."

Safari haikuwa fupi, wala sitakudanganya kwamba kila kitu kilirudi kama zamani. Nilikunywa dawa za sukari na presha kila siku. Soda nikaacha siku hiyo hiyo, komoni baada ya wiki kadhaa, sigara iliniangusha mara tatu kabla sijaishinda. Wali na ugali nikapunguza, mboga za majani nikaongeza. Kila asubuhi mimi na Benigna tulitembea kwenye matuta ya mashamba mpaka jasho litutoke, na majirani wakasema tumerogwa, watu gani wanatembea bila kwenda mahali? Dawa moja ya presha iliniletea unyonge zaidi. Zamani ningeitupa. Safari hii nilimwambia daktari, akaibadilisha. Miezi ilipopita na sukari ilipotulia, mwili ulianza kukumbuka. Pale uliposuasua, daktari alinipima moyo kwanza, kisha akaniandikia dawa halali kwa kipimo chake. Siku nyingine ilisaidia, siku nyingine haikusaidia. Siku ambazo haikusaidia tulishikana mikono tukapiga hadithi, na nakwambia kweli, baadhi ya siku hizo ndizo ninazozithamini zaidi katika ndoa yangu. Nilikuwa sijawahi kumsikiliza mke wangu muda mrefu namna ile.

Mzee Otmari sasa ni marehemu. Benigna yupo, na ndiye aliyesema niandike. Nilimuuliza kama haoni haya. Akajibu, "Haya hiyo tulishailipia."

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Mwili wako ukikataa siku moja, usitishike, hata mtu mwenye afya hukosa usingizi, huchoka, huwa na mawazo ya ada na ya kazi. Lakini ukikataa wiki baada ya wiki, nenda hospitali ukapimwe sukari, presha na moyo. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukikaribia miaka arobaini, pima hata kama huumwi. Kitambi si cheo, sigara si urafiki, na pombe inayokupa ujasiri kilabuni ndiyo inayokunyang'anya nguvu nyumbani. Tembea, lala vya kutosha, kula kwa kiasi.

Na wewe uliye kijana kabisa, unayemeza vidonge ilhali huumwi, jua unaufundisha moyo wako kujidharau. Wengi wenu hamna ugonjwa ila hofu, na hofu hiyo mmeipata kwenye picha za simu, mkijipima na watu wanaoigiza. Zungumza na mtaalamu, hata hofu ina tiba. Dawa isiyo na jina, ya mtu asiyekuuliza unaumwa nini, usiimeze, iwe ya mizizi, iwe ya kidonge. Uliyoandikiwa na daktari usiikatishe bila kumwambia. Na ukiona umemeza kitu, uume ukasimama kwa muda wa saa nne haushuki, kimbia hospitali, usisubiri aibu ikuruhusu.

Zaidi ya yote, mwambie mkeo. Mwambie kabla hajajilaumu, kabla hujaanza kugombana na chumvi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami naongeza kwamba huyo anaweza hata kubomoa nyumba aliyokwisha kuijenga. Kiapo cha ndoa ni cha afya na cha ugonjwa, na huu nao ni ugonjwa. Uanaume wako hauko mahali pamoja tu pa mwili. Uko pia katika kusema kweli wakati sauti inatetemeka, na katika kupiga magoti ulipokosea.

Mungu akujalie mwili unaokutii. Na siku usipokutii, akujalie ulimi wa kusema na mtu wa kukusikiliza bila kucheka. Awape wewe na mkeo maneno matamu mkiwa na nguvu, na matamu zaidi nguvu zikipungua. Mzeeke pamoja, mkitambuana kwa nyayo hata macho yatakapofifia. Amina.